Muhesabu watoto, hapana mifuko ya wazazi tu



Kila mara ripoti ya umaskini wa inchi yetu inapotoka, tunasikia hesabu ileile: watu wangapi wanaishi chini ya dola 3 kwa siku. Mbele ya mwezi wa 6 wa 2025 Benki ya Dunia ilikuwa inahesabu kwa dola 2,15. Mustari ulipanda, lakini namna ya kupima haikubadilika. Wanaangalia nyumba nzima inatumia kiasi gani, wanagawanya kwa vichwa, basi. Mutoto anapewa sehemu yake kwenye karatasi. Kama aliipata kwenye sahani, hakuna mwenye anauliza.

Tuchukue Goma. Nyumba mbili, mapato sawasawa. Moja iko na robine kwenye kiwanja. Ingine iko kwenye kartie yenye bomba haifike, na watoto wanashuka ku ziwa na bidoni ya litri 20 mbele ya kwenda ku masomo. Wanachelewa, wanafukuzwa, na maji yenyewe ni yale yanaleta kolera. Kwa hesabu ya dola, nyumba hizi ni mapacha. Na hata muzazi wa ile ya pili akipata kazi kesho (tuseme apate!), hataweza kuvuta bomba mupaka ku kartie peke yake. Ile ni kazi ya leta.

Kuna pia mutoto wa ndugu mwenye aliletwa kutoka kijiji kuja kulea watoto wa wengine: kwa wastani wa nyumba, anakula sawa na wale wenye wanaenda kusoma. Maibobo wenye wanalala ku soko, wao hawamo kabisa, juu ankete inapita nyumba kwa nyumba.

Njia ingine iko, na haiko ya leo. UNICEF iko na kipimo chenye kinaitwa MODA. Kinachukua mutoto mmoja mmoja, kinauliza anakosa nini kwa wakati uleule: chakula, maji, choo, masomo, matunzo. Mwenye anakosa vitatu pamoja hachanganywi na mwenye anakosa kimoja. Ankete ya MICS ya 2017-2018 ilionyesha kwamba watoto karibu 42 kwa 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Hata mushahara wa baba ungejulikana, hesabu hiyo haingetoka mule.

Lakini kipimo hiki nacho kinaweza kudanganya. Tangu 2019 masomo ya musingi ni bure, kama Katiba inasema ku kifungu cha 43. Kama ankete inauliza tu «anasoma?», mutoto mwenye anaandika juu ya magoti, ndani ya kalasi yenye imejaa mupaka mulangoni, anawekwa kwa wenye hawakosi kitu.

Inchi yetu ilikubali malengo ya 2030: kupunguza nusu ya umaskini wa watoto kwa sura zake zote. Na hesabu ya mwisho ya raia ilikuwa 1984! Tunadai INS itoe hesabu ya mutoto kwa mutoto, komini kwa komini, maibobo na watoto wa kambi za wahamaji ndani, na bajeti ifuate ile hesabu.

Kama kuna mutoto amezaliwa ku avenyu yako, wambie wazazi wamuandikishe mbele ya siku 90. Ni bure. Mutu akiwaomba franka, mutuandikie.