Jicho la Angani na Kipaza Sauti cha Msikiti

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilitokea baharini karibu na Sumatra, na wimbi lake likaiangamiza Aceh. Wimbi hilo lilisafiri takriban saa saba ndipo likaipiga Somalia, ambako watu wapatao 300 walifariki. Takriban saa mbili baada ya tetemeko, setilaiti ya Jason-1 ilipita juu ya Bahari ya Hindi na kulipima. Lakini ilipita kwa sadfa ya njia yake, na vipimo vikachambuliwa saa kadhaa baadaye. Wavuvi hawakuonywa.

Setilaiti zirukazo chini hupita na kwenda zake. Ile iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta huenda sambamba na mzunguko wa dunia, hivyo hulikabili eneo moja daima. Kwa umbali huo, hapana budi iwe na darubini kubwa. China ilirusha ya namna hiyo, Gaofen-4, Desemba 2015, iliyoundwa kubainisha vitu vya ukubwa wa mita 50. Jicho kama hilo huelekezwa penye mafuriko au moto bila kungoja zamu ya kupita.

Wapo wasemao kuwa kujikinga na janga ni kuikimbia qadari. Huo ni ufahamu pungufu. Sayyidna Umar (R.A.) aliposikia tauni imeingia Sham alirejea na watu wake, akambainishia Abu Ubaida (R.A.) kuwa kurejea nako kumo ndani ya qadari. Tawakkul haiondoi sababu. Kwa maoni yangu elimu hii ni fardhi kifaya, na Umma uliomtoa Ibn al-Haytham, bingwa wa elimu ya nuru na uoni, haufai kubaki mtazamaji wa picha za wengine.

Hata hivyo, darubini haina ulimi. Siku ile Mombasa watu waliondolewa ufukweni kwa kuwa habari ilitangulia wimbi. Kenya nzima ilipoteza mtu mmoja.

Basi kila msikiti wa pwani uteue mtu wa kupokea tahadhari za mamlaka ya hali ya hewa, azihakiki kama tulivyoamrishwa kuhakiki habari, kisha azitangaze saa yoyote bila kungoja kikao cha kamati. Tusije tukaulizwa mbele ya Allah kwa nini jicho liliona, na ufunguo wa chumba cha kipaza sauti ulikuwa mfukoni mwetu.

Wabillahi tawfiq.