Hukumu ya Hakamu Ivukapo Bahari

Watu wa Rufiji hawana haja ya kufundishwa kuwa biashara huvuka bahari. Zamani majahazi ya Arabuni na Ghuba yaliingia katika delta kupakia boriti za mikoko. Na palipo na biashara hapakosi ugomvi. Wagombanao huweza kumchagua mtu wanayemwamini, wakaahidi kuridhia hukumu yake. Jambo hili si geni kwetu: Qurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa aya ya 35, yaamuru mume na mke wakichelewa kufarakana, apelekwe hakamu mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke.

Lakini hakamu hana askari wala jela. Akihukumu Muscat, na mshindwa mali yake iko Kibiti, ni nani atakayemlipisha?

Jawabu limo katika Mkataba wa New York wa tarehe 10 Juni 1958. Tanzania iliingia mwaka 1964, Saudi Arabia 1994, Oman 1999, na leo nchi zilizomo zapita 170. Kila moja imeahidi kuitambua hukumu ya hakamu iliyotolewa ugenini, ambayo wanasheria huiita tuzo, na kuitekeleza kupitia mahakama zake.

Tuseme mtu wa Kibiti amemwuzia ufuta tajiri wa Muscat, wakagombana, na hakamu wa huko akampa ushindi tajiri yule. Tajiri ataileta tuzo katika Mahakama Kuu ya Tanzania. Jaji hatahesabu magunia upya, wala hataulizwa kama hakamu alipatia au alikosea. Atatazama mambo machache tu: Je, mapatano ya kwenda kwa hakamu yalikuwa sahihi? Mshindwa alipewa habari na nafasi ya kujitetea? Hakamu aliwekwa kama walivyopatana, wala hakuvuka mpaka wa aliyopewa? Tuzo imekwisha kuwafunga, na haikutanguliwa kwao? Na mwisho, je, jambo lenyewe laweza kuamuliwa na hakamu, na kuitekeleza tuzo hakupingani na misingi ya nchi?

Hilo la mwisho ndilo litofautishalo nchi na nchi. Mahakama za Saudi Arabia, kwa mfano, zimejulikana kwa kukataa sehemu ya tuzo iliyo riba, na kuiacha isimame ile iliyo deni la asili.

Mfano mkubwa tunao karibu. Gesi ya Songo Songo, tangu mwaka 2004, hupita katika bomba kutoka Somanga, likavuka mto Rufiji hadi Ubungo, Dar es Salaam. Huko Ubungo ndiko ilikokuwa mitambo ya umeme ya kampuni ya Dowans. TANESCO ilipouvunja mkataba mwaka 2008, shauri likaenda kwa waamuzi wa ICC, nao Novemba 2010 wakaiamuru TANESCO ilipe zaidi ya dola milioni 65. Makao ya shauri yalikuwa Dar es Salaam. Basi kwetu ilikuwa tuzo ya nyumbani, na Uingereza ilikuwa ya ugenini. Dowans ikaipeleka London. Julai 2011 jaji wa huko aliona kuwa tuzo imekwisha kuwafunga wote wawili, lakini akaahirisha utekelezaji, akingoja Mahakama Kuu ya Tanzania iamue pingamizi la TANESCO. Septemba 2011 pingamizi hilo likakataliwa.

Tazameni basi: shirika la umma lilifuatwa kwa tuzo hiyo mpaka London. Je, mfanyabiashara mdogo atajificha wapi?

Kwa hiyo, vijana mnaouza ufuta, kaa au kamba ng'ambo, someni mkataba mpaka mstari wa mwisho kabla ya kutia saini. Ulizeni: hakamu atakaa mji gani? Kwa sheria ya nchi gani? Atachaguliwa na nani? Na barua ya mwito ikija, msiiweke chini ya godoro. Aliyeitwa sawasawa akanyamaza hawezi kusema kesho kuwa hakuitwa.

Ahadi ni deni, na deni la siku hizi lajua kuvuka bahari.