Bonasi ikiingia, rafu inakungoja

Oktoba ikifika Kericho na Bomet, huhitaji kuambiwa kwamba bonasi ya chai imeingia. Benki zina foleni hadi nje, matatu za Litein na Sotik zinajaa, na supamaketi zinabadilisha sura. Unga umepangwa kama mnara mlangoni. Mafuta ya kupikia yamefungwa mawili mawili kwa selotepu. Bango kubwa jekundu linapiga kelele: OFA! Wewe umeingia kununua sukari na sabuni tu. Unatoka na mifuko mitatu ukijiuliza pesa zimeenda wapi.

Usikimbilie kusema huna nidhamu. Ndani ya duka hilo kuna watu ambao kazi yao ni kuhakikisha hautoki na ulichokijia pekee.

Anza na duka la mtaani. Pale kuna kaunta, na mara nyingi wavu. Unasema, "Nipee sukari nusu na majani ya kumi," unapewa, unalipa, unaenda. Macho yako hayana kazi kubwa. Supamaketi iligeuza hayo yote. Mfumo wa mteja kujichukulia bidhaa mwenyewe ulipata umaarufu Memphis, Marekani, mwaka 1916, Clarence Saunders alipofungua duka lake la Piggly Wiggly. Mwaka 1937, mwenye maduka mwingine wa huko, Sylvan Goldman wa Oklahoma, akaleta toroli. Alikuwa ameona kwamba mteja huacha kununua kikapu kikimlemea mkono. Kwa hivyo toroli haikuletwa kwa huruma tu, bosi. Ilikuja kuondoa breki.

Sasa angalia supamaketi yoyote ya mjini kwako. Maziwa na mkate, vitu ambavyo karibu kila mtu anavitaka, mara nyingi viko ndani kabisa, ili upite mbele ya biskuti, mafuta ya nywele na vikombe vya plastiki kwanza. Kilicho usawa wa macho yako ndicho duka linataka ukichukue. Cha bei nafuu kiko chini, uiname. Nafaka zenye katuni ziko usawa wa macho ya mtoto, si yako. Ukifika kwa keshia umechoka, chokoleti na chingamu zinakungoja hapo kwenye foleni.

Hata muziki una kazi yake. Mwaka 1982 mtafiti Mmarekani, Ronald Milliman, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya supamaketini: muziki wa polepole ulifanya wateja watembee taratibu, na mauzo yakawa juu kwa takriban asilimia 38 kuliko siku za muziki wa kasi. Wateja hawakuambiwa wanunue zaidi. Walipunguza mwendo tu.

Lakini swali kubwa zaidi ni hili: nani anaamua bidhaa gani ikae wapi? Wengi tunadhani ni ubora. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye rafu, chenye pesa ndicho kinachokaa mbele.

Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani Kenya (CAK) iliipiga faini ya zaidi ya Sh1.1 bilioni kampuni ya Majid Al Futtaim, inayoendesha Carrefour humu nchini. Ilisema kampuni hiyo ilitumia vibaya nguvu zake dhidi ya wauzaji wawili, Pwani Oil na Woodlands, kampuni inayouza asali. Miongoni mwa mambo yaliyokuwa mezani ni ada za kuingiza bidhaa dukani na punguzo ambalo wauzaji walitakiwa kulitoa. Carrefour ilipinga uamuzi huo. Hata hivyo, kesi hiyo ilituonyesha jambo ambalo mteja haoni: kufika kwenye rafu kuna gharama. Na gharama hiyo haipotei hewani. Iko ndani ya bei unayolipa.

Hapa ndipo mambo yanatugusa sisi wa majani chai. Nenda kwenye rafu ya chai. Tazama ni pakiti gani iko usawa wa macho, gani imepewa nafasi pana, na gani imesukumwa chini pembeni. Kijana wa Bureti au Konoin anayetaka kusindika chai ya shamba la nyumbani na kuipakia mwenyewe hashindani na ladha pekee. Anashindana na kampuni zenye bajeti ya kununua nafasi na ya kulipa watu wa kuipanga kila asubuhi. Chai inaweza kuwa imechumwa kilomita tano kutoka hapo na bado isionekane.

Je, haya ni ya kuvumilia tu? Hapana. Uingereza ilianza Oktoba 2022 kuzuia maduka makubwa kuweka vyakula vyenye sukari, chumvi na mafuta mengi mlangoni, mwisho wa safu za rafu na karibu na keshia. Hapa kwetu, sheria ya mwaka 2012 kuhusu maziwa mbadala ya watoto wachanga inakataza kuyanadi kwa ofa na maonyesho maalum dukani. Yaani serikali yetu inajua vizuri kwamba mpangilio unauza. Imetumia maarifa hayo kwenye kopo hilo.

Kabla sheria nyingine haijaja, jilinde. Andika orodha na uende nayo. Kama ni vitu viwili, achana na toroli. Inama, uangalie rafu ya chini. Gawanya bei kwa gramu kwa kutumia simu, maana pakiti kubwa au "ofa" ya mbili mbili si lazima iwe nafuu, na ile ndogo ya kadogo mara nyingi ndiyo ghali zaidi kwa kilo. Na ukijikuta unawaza Fuliza kwa sababu ya kitu ambacho hukuwa unakijua dakika kumi zilizopita, kirudishe.

Fanya hesabu ndogo. Kitu cha Sh150 ambacho hukukipanga, mara moja kwa wiki, ni Sh7,800 kwa mwaka. Kwa miaka kadhaa sasa wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Tunapigania hiyo tofauti kwa KTDA, na ni haki yetu. Lakini Sh7,800 hizo mzee na mama walizichuma jani kwa jani, asubuhi kukiwa na baridi na umande. Zisiishie kwa keshia kwa sababu tu mtu alijua macho yako yataangalia wapi.