Kabla Hujamjibu Jirani

Ndugu zangu, mnaoswali na mnaosali,

Mwenye imani huamini kwamba yake ndiyo ya kweli, na simwombi mtu alifiche hilo. Msikiti unafundisha kuwa Nabii Isa hakusulubiwa. Kanisa linafundisha kuwa alikufa msalabani, akafufuka. Hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Basi na tujibizane. Ombi langu ni juu ya namna.

Miaka ya 1980 na 1990 mihadhara ilishamiri Tanzania. Mhadhiri alisimama uwanjani na Biblia mkononi, akiifunua sura kwa sura kutafuta mgongano, watu wakiitikia takbiri. Wahubiri nao waliichambua Kurani vivyo hivyo, na haleluya zikapaa. Waliomshangilia kila msemaji walikuwa upande wake tangu walipotoka nyumbani. Februari 1998, baada ya malalamiko kuhusu mihadhara, polisi na Waislamu walikabiliana Mwembechai, Dar es Salaam. Watu walikufa.

Lakini ubishani wetu una historia nyingine, ya kalamu. Padri Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana ya Unguja aliitafsiri Kurani nzima kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1923. Alitaka wahubiri wake wapate cha kuwajibu Waislamu. Mwaka 1953 jumuiya ya Kiislamu ya Ahmadiyya ilitoa tafsiri yake, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy hakuridhika na walivyotafsiri wenzake, akatoa Qurani Takatifu mwaka 1969. Hawakupatana hata kidogo! Ila kila mmoja alikaa miaka na matini ileile, neno kwa neno, na alichoandika kinaweza kukaguliwa na yeyote anayesoma Kiswahili. Mimi naiheshimu kazi hiyo kuliko viwanja vyote vilivyojaa.

Tuwe wakweli pia kuhusu ushahidi tunaoutegemea. Niliomba nikapona: jirani wa dini nyingine naye aliomba, naye akapona. Wazazi wangu walinilea humu: naye alilelewa kwake. Hayo yanaipa imani joto, nami siyadharau, lakini hayawezi kumwonyesha jirani kwa nini aiache yake.

Kwa hiyo jipimeni. Ewe Mwislamu, ueleze Utatu mpaka Mkristo wa mtaani kwako aseme, "Naam, ndivyo tunavyoamini." Ewe Mkristo, mweleze Mwislamu tauhidi, yaani upweke wa Mungu, na kwa nini shirki, kumshirikisha Mungu na kingine, inamtisha kuliko dhambi nyingine yoyote, mpaka aseme vivyo hivyo. Usipoweza, unachokijibu ni kivuli cha dini yake.

Idi au Krismasi ijayo, mkishakula pilau kwa jirani, msikimbilie kuaga. Mwulizeni swali moja tu: "Wewe, kwa nini unaamini?" Kisha nyamazeni mpaka amalize.