Kijiji cha Ufaransa Kinachowakumbuka As-habul Kahf

Kila Ijumaa katika mitaa yetu ya pwani utawasikia watu wakiisoma Suratul Kahf, msikitini, barazani, hata dukani kabla ya adhana ya adhuhuri. Tumeizoea sura hii tangu chuoni. Twawajua vijana waliokimbia dhulma ya mfalme wakajificha pangoni, na mbwa wao aliyenyoosha miguu kizingitini, ambaye wazee wetu humwita Kitmiri. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba kuna kijiji huko Ufaransa ambacho kila mwaka, mwezi wa Julai, sura hii husomwa kando ya chemchemi mbele ya wakulima Wakatoliki?

Mimi nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Nikaifuatia, nikaona ni kweli tupu, na leo nataka kutoa maoni yangu juu yake, maana imeniletea ugomvi mdogo nyumbani kwetu.

Kijiji chenyewe chaitwa Le Vieux-Marché, maana yake Soko la Zamani. Kiko katika jimbo la Bretagne, zaidi ya kilomita 400 magharibi ya Paris, karibu na mji wa Lannion, wala hakiko mbali na bahari ya kaskazini. Wakaazi wake ni elfu na mia kadhaa tu. Ni nchi ya mvua na ukungu, vishamba vidogo vilivyozungushiwa tuta na miti, na nyumba za mawe magumu ya rangi ya kijivu. Mgeni anayetafuta makumbusho makubwa atapita bila kugeuza shingo.

Ila nje kidogo ya kijiji kuna kanisa dogo la Watakatifu Saba. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 18, nalo limejengwa juu ya ajabu. Chini ya ubavu wake mmoja kuna kibanda cha mabamba makubwa ya mawe, kile ambacho wataalamu hukiita dolmeni, kilichosimamishwa na watu wa kale zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kabla ya Ukristo na kabla ya Warumi kufika huko. Wajenzi hawakukivunja. Walikiacha kiwe pango, wakaweka ndani sanamu za wale saba. Mteremkoni, hatua chache kutoka hapo, kuna chemchemi ambayo maji yake hutokea katika matundu saba.

Saba hao ndio wale wa Efeso, vijana ambao Wakristo husema walilala pangoni tangu zama za mfalme Decius, ambaye sisi twamwita Dakiyanusi, katika karne ya 3, wakaamka zama za Theodosius wa pili katika karne ya 5. Kisa hiki kilifika Ufaransa mapema. Askofu Gregory wa Tours alikiandika kwa Kilatini katika karne ya 6. Lakini kilifikaje mpaka kona ile ya Bretagne? Hapo wanazuoni hugombana. Wako wasemao kililetwa na wafanyabiashara wa madini au watawa kutoka mashariki. Wengine husema kimechanganyika na watakatifu saba wa Bretagne yenyewe, ambao husifiwa kuwa waasisi wa maaskofu wa huko. Mimi sioni haja ya kuamua. Qur'ani yenyewe imetukataza kubishana sana juu ya vijana hawa, hata idadi yao wanaijua wachache.

Kilichonigusa zaidi ni jinsi kisa kilivyohifadhiwa. Hakikuhifadhiwa na vitabu vya serikali. Kilihifadhiwa na utenzi wa Kibretoni ulioimbwa na watu wa kawaida siku ya sikukuu yao, ambayo wao huiita pardon, yaani msamaha. Fikiria kitu kama ziara zetu. Mtu aliyeutia utenzi ule maandishini ni François-Marie Luzel, aliyezaliwa mwaka 1821 hapo hapo, naye alipita mashambani akiwasikiliza washonaji, maskini na wanawake wazee. Na lugha hiyo ya Kibretoni ilikuwa ikipigwa vita shuleni. Mtoto aliyekutwa akiisema alivishwa kigae au kiatu cha mti shingoni, akae nacho mpaka amnase mwenzake. Sisi tuliobebeshwa diski shuleni twaijua aibu hiyo bila kuelezwa.

Sasa nifike kwenye ugomvi. Mwaka 1954 mwanazuoni Louis Massignon, Mkatoliki aliyetumia umri wake kusoma habari za al-Hallaj, yule sufi aliyeuawa Baghdad mwaka 922, aliwaalika Waislamu waje kwenye sikukuu ile. Alikuwa ameusikia utenzi akaona unavyofanana na sura. Alikuwa pia ameona kwamba karibu na Setif, huko Algeria, kuna chemchemi nyingine ya matundu saba inayohusishwa na watu hao hao. Basi Waislamu wakaja, wengi wao vibarua wa Kialgeria waliokuwa wakifanya kazi Ufaransa.

Hebu tazama mwaka wenyewe. Walikuja Julai, tarehe 1 Novemba vita vya Algeria vikaanza. Vijana wa Bretagne wakaandikwa jeshini wakapelekwa kuwapiga ndugu wa wale wageni. Oktoba 1961 polisi wa Paris waliwaua waandamanaji wa Kialgeria na maiti wengine wakatupwa mto Seine. Na miaka yote hiyo mlango wa kanisa lile haukufungwa. Massignon alisimama hadharani kupinga mateso, akatukanwa na watu wa kwao. Alifariki Oktoba 1962, miezi mitatu tu baada ya Algeria kupata uhuru.

Ami yangu, ambaye ni mtu wa elimu na simpingi ovyo, aliposikia habari hii alitikisa kichwa. “Mwanangu,” akaniambia, “Mwislamu ana shughuli gani kwenye sanamu? Leo chemchemi, kesho misa.” Hoja yake si ya kutupwa. Dini si mchuzi wa kutiwa kila kitu. Na mimi nakiri, Mwislamu anayeingia kanisani akafuata misa kama mwenye nayo simwelewi.

Lakini sivyo inavyokuwa pale. Asubuhi ya Jumapili ya nne ya Julai Wakristo husali misa yao kwa desturi yao. Kisha watu huteremka chemchemini, na hapo Mwislamu husoma Suratul Kahf kwa Kiarabu, sauti ikiwa wazi, na sura yenyewe yaanza na onyo kwa wasemao kwamba Mungu ana mwana. Wenyeji husimama wakasikiliza. Kisha watu hula pamoja. Kila mmoja hurudi kwake na dini yake. Nilimwuliza ami yangu, ni wapi pengine Ulaya ambapo mkulima Mkatoliki hukaa kimya kumsikiliza Mwislamu akisoma maneno hayo mlangoni pake? Hakunijibu.

Nina wasiwasi mmoja lakini, nao si wa ami. Wageni wanapokuwa mashuhuri, maprofesa na watu wa magazeti, sikukuu huweza kuponyoka mikononi mwa wenyewe. Tumeyaona hayo katika sherehe zetu za pwani, mwenyeji akisukumwa pembeni ili mgeni apate picha. Pardon ile ilikuwa ya wanakijiji kabla Massignon hajazaliwa. Akina mama waliouimba utenzi wakati hakuna mtalii ndio wenye haki ya kusema ufanyweje, na Mwislamu anayekwenda aende kama mgeni, abishe hodi.

Ijumaa iliyopita tulikaa barazani kama kawaida. Ami alikuwa akisoma, nami namfuata kwa macho kwenye msahafu wangu. Alipofika kwa mbwa kizingitini alisita, akanitazama juu ya miwani yake. Alipomaliza sura aliniuliza kama maji ya chemchemi ile ni baridi. Nikamwambia kwa nchi kama ile, lazima yawe baridi sana.