Kona ya Mwalimu: Jiwe la Michigan si almasi

Wazazi na watoto wa Rwekubo, mwezi huu najibu swali moja tu, maana nimeulizwa mpaka njiani. Familia moja iliyopata safari ya Marekani, ikakaa Grand Rapids katika jimbo la Michigan, ilimtumia bibi yao aliyebaki hapa jiwe dogo la kijivu. Toka siku hiyo maneno ni mengi. Eti ni almasi. Tena kuna mtu anasema atalipeleka Mbarara likapimwe, bibi atoe kwanza shilingi 50,000.

Bibi, usitoe hata mia. Kwaruza upande wa chini kwa msumari, kidogo tu. Likichorwa, siyo almasi.

Kisha lichovye majini. Likiwa kavu ni jiwe kama mengine, lakini likilowa utaona vyumba vyumba vya pembe sita, kama sega la nyuki, na doa jeusi katikati. Hilo ni tumbawe. Kila chumba kilikuwa makao ya kiumbe kimoja kidogo cha baharini, zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita, wakati Michigan ilikuwa chini ya bahari. Yakageuka mawe, halafu barafu kubwa ikayang'oa na kuyatawanya mpaka fukwe za Ziwa Michigan. Wenyeji huyaita mawe ya Petoskey, jina la mji wa huko, na tangu 1965 ndiyo jiwe rasmi la jimbo. Wajukuu walituma kitu cha heshima, ila siyo mtaji.

Watoto wanauliza, na sisi tutayapata hapa ziwani? Hapana. Matumbawe ni ya maji ya chumvi, na Nakivale ni maji baridi. Ya karibu yako pwani: Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ni mawe ya matumbawe, na nyumba za zamani za Lamu na Zanzibar vilevile.

Sasa kung'arisha. Wenye mashine hutia mawe, maji na unga mkali katika pipa dogo linalozunguka kwa umeme mchana na usiku, wiki kadhaa. Lakini hili ni laini, likigongana na mawe magumu linaharibika. Bora mkono. Tafuta msasa namba 220, 400 na 600, sugua pamoja na maji, anza na 220. Usibadili namba kabla mikwaruzo haijaisha, na suuza sana, maana punje moja ikibaki inachora upya. Malizia kwa kitambaa kizito. Limao usiguse, linakula jiwe.

Mnaosubiri safari ya Michigan, jueni pia sheria. Kwenye ardhi ya jimbo mtu haruhusiwi kuchukua zaidi ya kilo 11 hivi kwa mwaka. Mwaka 2015 bwana mmoja alitoa ziwani jiwe la kilo 42 hivi, serikali ikalichukua.

Wanaotaka kujaribu, njooni Jumamosi saa nne darasani, kila mtoto na kokoto yake. Mawe meupe magumu yaacheni, yatawachosha bure. Msasa ninao karatasi mbili, tutakata vipande.