Harakati si Jina la Kundi la WhatsApp



Vijana wetu, hebu tuulizane. Siku hizi kila mtu ni mwanaharakati. Iko kwenye profaili, iko kwenye fulana, iko kwenye jina la kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili na zaidi. Lakini kijana akichukuliwa mtaani usiku, anayesimama kwa kaunta ya polisi asubuhi ni mamake, na leso yake, peke yake. Wale mia mbili wako wapi? Wameandika "Allah amfanyie wepesi" na emoji ya mikono. Amin. Halafu?

Neno lenyewe ni la Kiarabu, na aliyepita chuoni alilijua kabla hajajua siasa. Haraka ni kule kusogea. Na harakati ni zile alama ulizochapwa ukizikosea: fat-ha, kasra, dhumma. Herufi ukiinyima harakati ukaiwekea sukuni, inatulia, haitamkiki mpaka ishikwe na iliyoitangulia. Tena hakuna neno la Kiarabu linaloanza kwa herufi yenye sukuni. Hakuna! Lazima kitu kisogee kwanza ndipo sauti itoke.

Watawala wa nchi hii wanalijua hilo kuliko sisi. Ukitaka kumnyamazisha mtu, huanzi na mdomo, unaanza na miguu. Mkoloni alileta kipande: sheria ya 1915, ikakazwa baada ya vita, mwanamume Mwafrika akatembea na kikopo cha chuma shingoni. Kaskazini akaifunga kabisa, NFD ikawa ya kuingia na kutoka kwa ruhusa. Bendera ikabadilika, lakini hali ya hatari kule kaskazini ilibaki hadi 1991. Februari 1984 wanaume walikusanywa na vikosi vya usalama kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir, na wengi hawakurudi makwao. Aprili 2014, kwenye msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walipelekwa Kasarani. Uwanja wa kukimbilia mbio ukatangazwa kituo cha polisi!

Na kitambulisho je? Msomali wa Garissa na Mnubi wa Kibera wamepigwa msasa miaka na miaka kabla ya kupewa kadi ambayo jirani yao anaipata bila maswali. Bila kadi hiyo husogei: kizuizi cha barabarani hupiti, laini ya simu husajili, kazi huandikwi. Februari 2025 Rais Ruto alitia sahihi akiwa Wajir tangazo la kuondoa msasa huo. Alhamdulillah, tumelipokea. Lakini tangazo halina miguu ya kujipeleka kwa karani. Karani akikwambia "lete babu yako", nani atakuwa amesimama na wewe pale?

Sasa wako wazee wetu watakaosema, haraka haraka haina baraka. Methali hii maskini imetumikishwa sana. Inakataza pupa, haikatazi kusogea. Na wengi wanaoitumia ndio wale wale ambao kila uchaguzi ukikaribia wanakutana hotelini, wanakula pilau, wanapiga picha na mheshimiwa, halafu wanasoma taarifa "kwa niaba ya Waislamu". Kwa mheshimiwa hatujawaona wakichelewa hata siku moja.

Mnatuambia subira? Bi Hajar alikuwa na subira kutushinda sote, na hakukaa kitako. Alikimbia baina ya Safa na Marwa mara saba, jua kali, mtoto analia. Zamzam haikutoka Safa wala Marwa, ilitoka pale alipokuwa mwanawe, na bado mpaka leo anayehiji anatakiwa kuzifuata zile mbio. Hata miaka yetu haihesabiwi kuanzia siku aliyozaliwa Mtume (s.a.w.). Inahesabiwa kuanzia Hijra, yaani safari.

Msituelewe vibaya. Simu ina kazi yake, na video moja iliyochukuliwa vizuri inaweza kumwokoa mtu. Wala kusogea si kurusha mawe. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inakupa haki ya kukutana, kuandamana na kupeleka maombi kwa wakubwa, kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 39 kinakupa uhuru wa kwenda unakotaka. Katikati yake, 38, ni haki zako za kisiasa. Zote tatu zataka mwili wako utoke nyumbani.

Mwaka 1992 Islamic Party of Kenya ilinyimwa usajili, serikali ikisema chama hakiwezi kusimama juu ya dini. Cheti hakikutoka, na watu wa Mombasa walitoka. Sisi leo tuna vyeti, mihuri na akaunti za benki. Watu ndio hatuna.

Tunachoomba si kikubwa. Kila msikiti uwe na watu watatu ambao nambari zao za simu kina mama wa mtaa wanazijua. Mtu akichukuliwa, watatu hao waende stesheni saa hiyo hiyo, wasingoje swala ya Ijumaa. Waulize nambari ya OB. Waandike saa, waandike jina la stesheni. Kifungu cha 49 kinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ama siku ya kwanza ya kazi ya mahakama ikiwa zimefungwa. Stesheni wakisema hawamjui, tafuteni wakili aende Mahakama Kuu kuomba amri ya habeas corpus. Hiyo ni haki ambayo kifungu cha 25 hakiruhusu yeyote aipunguze.

Kama msikiti wako tayari una watatu hao, tuandikie jina la msikiti inboksi. Kama hauna, tafuta wawili wenzako baada ya Isha ya leo.